Kuchora nje Lamu: picha imeharibika wapi, na uirekebishe vipi

Mwongozo huu ni wa mchoraji anayetoka na rangi zake akachora mbele ya kitu chenyewe: kwenye gati la Lamu, katika vichochoro vya Mkomani na Langoni, kwenye mchanga wa Shela, au Matondoni wanakounda vyombo. Umerudi nyumbani, umeiegemeza picha ukutani, na kuna jambo halijakaa sawa ila hujui ni lipi. Wengi hapo hapo hulaumu rangi, wakaenda kununua nyingine. Nakusihi uanze kwingine. Jiulize kwanza ulikaa wapi na ni mwanga gani uliokuwa ukipiga ubao wako. Kisha ulianza saa ngapi na ukamaliza saa ngapi. Rangi ije mwisho. Mji huu uko nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta, jua lake hupanda kwa kasi na kupita karibu na utosi, na makosa mengi tunayoyabebesha mkono ni ya jua hilo.

Nje ilipendeza, ndani imekuwa nzito na ya giza

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: jua lilipiga ubao moja kwa moja wakati unachora. Jua la mchana usio na mawingu hutoa mwanga wa kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga); sebule yenye taa ya kawaida huwa na mia chache tu. Karatasi iliyo juani inawaka yenyewe. Hudhurungi nzito juu yake inaonekana nyepesi, samawati ya wastani inaonekana imefifia, nawe unaongeza rangi, unaongeza tena, hadi ilingane na unachokiona mbele yako. Ukiingia ndani, ule mwanga wa ziada umebaki nje.

Kipimo cha kuhakikisha ni rahisi. Ichukue picha urudi nayo juani. Ikipona palepale, uchanganyaji wako hauna kosa. Kosa ni mahali ulipouweka ubao. Ikibaki na giza hata juani, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya vivuli hapa chini.

Hapa kwetu tatizo hili huwapata zaidi wanaochora mbele ya mji. Majumba ya ufukweni yanaelekea kisiwa cha Manda, yaani mashariki. Asubuhi jua linayapiga usoni na yanapendeza mno, kwa hiyo mchoraji anasimama ukingoni mwa gati akiyaelekea. Jua liko mgongoni mwake, na ubao wake unalitazama jua. Geuza stendi taratibu mpaka ubao ujitie kivuli wenyewe, hata kama itakubidi ugeuze shingo kuyatazama majumba. Isipowezekana, tumia mwavuli, lakini uwe mweupe, wa kijivu au mweusi. Mwavuli wa rangi hutia kila kitu rangi yake: chini ya mwavuli wa bluu utaongeza manjano na nyekundu kupita kiasi ukidhani unasahihisha. Nguo nazo zina neno. Fulana nyekundu hutupa wekundu juu ya ubao, na kanzu nyeupe iliyo juani hurudisha mng'ao kwenye rangi ya mafuta mbichi hadi usione unachofanya. Vaa kitu kilichofifia.

Ndani imepauka, haina nguvu

Hili ni pacha wa lile la kwanza, ila limegeuka. Ulikaa ndani kabisa ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, au chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, ukitazama kichochoro kilichojaa jua. Macho yako yalikuwa yanabana kwa mwanga wa nje, na kila yaliporudi kwenye ubao uliokuwa gizani yaliuona mweusi. Mkono ukaongeza nyeupe. Picha ikatoka hafifu.

Sogea hadi ukingo wa kivuli, mahali ambapo jua halikufikii lakini anga unaiona juu yako. Huo ndio mwanga bora wa kuchorea, na baraza nyingi za mji huu zinautoa bure kwa saa kadhaa kila siku. Kabla ya kuamua kama rangi ni nyepesi au nzito, tulia ukitazama ubao peke yake hadi macho yazoee. Vua miwani ya jua. Kuchora ukiwa umeivaa ni kuchora rangi za kioo chake.

Kwa matatizo haya mawili kuna dawa moja ninayoiamini kuliko zote. Ukiwa nyumbani, kwenye mwanga wa dirisha, paka kipande cha kadi vijivu vitano kuanzia karibu nyeupe hadi karibu nyeusi. Kibanike pembeni mwa picha kila unapotoka. Jua likupumbaze litakavyo, kadi na picha vinapigwa na mwanga uleule, na kijivu cha katikati hakibadiliki kuwa kingine. Ukiona ukuta wako wa kivulini umekuwa mwepesi kuliko kijivu cha pili, umeshajua pa kurekebisha.

Vivuli vimekuwa mashimo meusi

Kwanza, je, ulichora kutoka kwenye picha ya simu? Kamera ya simu ikijali ukuta ulio juani hukifanya kivuli kuwa cheusi, na ikijali kivuli huuchoma ukuta ukabaki mweupe mtupu. Jicho lako huona vyote viwili. Tumia simu kukumbuka umbo la dirisha au hesabu ya boriti, usiitumie kukuambia rangi ya kivuli.

Pili, ulichukua nyeusi ya tyubu? Kivuli cha nje hakikosi mwanga. Kinakosa jua tu. Anga yote bado inakimwagia mwanga wake wa samawati, na vitu vilivyo juani vinakirudishia mwanga wao. Simama mbele ya ukuta wa chokaa ulio kivulini pale Shela na uutazame kutoka juu kwenda chini kwa utulivu. Karibu na paa, ambapo ukuta unaitazama anga, una ubluu. Kadiri unavyoshuka, ubluu unapungua. Chini kabisa, kiasi cha goti kutoka ardhini, unageuka kuwa wa joto, karibu rangi ya chungwa iliyofifia, kwa sababu mchanga wa njia uko juani na unarudisha mwanga juu. Chini ya kizingiti cha dirisha utaona mwanga huohuo wa joto umeingia kwa chini, mahali ambapo ungetarajia giza kuliko pote. Katika vichochoro vyembamba, ambapo ukuta wa upande mmoja uko juani na wa pili hauko, ukuta ulio juani humtupia mwenzake umanjano.

Changanya kivuli kwa bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa (rangi ya udongo, hudhurungi yenye wekundu), ukiegemea bluu pale juu na siena pale chini. Nyeusi iache kwa tundu la mlango ulio wazi na nyumba isiyo na taa ndani, na hata hapo iwe kidogo.

Ukuta mweupe hauwaki

Umeupaka mweupe kabisa, na bado unaonekana karatasi tu. Sababu ni kwamba kila kitu kinachouzunguka ni chepesi mno. Jua linaweza kung'aa kuliko karatasi yako, rangi haiwezi. Ukuta unawaka kwenye picha pale tu vitu vingine vinapokubali kushuka.

Na hapa akili hutudanganya sana. Tunajua kwamba chokaa ni nyeupe na mchanga ni wa kahawia, kwa hiyo tunaupaka ukuta wa kivulini mwepesi kuliko mchanga wa juani. Kwa macho ni kinyume: ukuta mweupe ulio kivulini una giza kuliko mchanga mkavu ulio juani. Kata tundu mbili ndogo kwenye kadi, angalia ukuta kupitia moja na mchanga kupitia nyingine, nawe utashangaa. Bila kadi, finya macho hadi vitu vipoteze majina yake. Kisha chagua mahali pamoja patakapokuwa peupe kuliko pote kwenye picha, na usiruhusu pa pili papafikie. Kama ni ukingo wa ukuta wa ngome, basi tanga la chombo kilicho nyuma yake lishuke, hata kama nalo ni jeupe.

Picha ina jua mbili

Kivuli cha mnazi kinaelekea upande mmoja, cha mtu kinaelekea kwingine, na hakuna anayeweza kusema ni saa ngapi. Ulichora muda mrefu kuliko jua lilivyokuruhusu. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na hapa karibu na ikweta jua hupanda karibu wima. Dakika 45 hivi baada ya kuchomoza, kivuli cha ukuta kina urefu wa kama mara tano ya ukuta wenyewe. Nusu saa baadaye ni mara tatu. Aliyeanza na vivuli virefu na kumalizia vidogo amechora asubuhi mbili tofauti.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya rangi yoyote, chora mipaka ya vivuli kwa penseli au rangi nyembamba, vyote, kwa mkupuo mmoja. Andika saa nyuma ya karatasi. Kuanzia hapo usivifuate tena. Vivuli vya kwenye ubao ndivyo vya kweli, vya mtaani vimeshakwenda zake. Ubao uwe mdogo, wa ukubwa wa daftari la shule, hadi uweze kuumaliza ndani ya saa moja na nusu. Ukitaka picha kubwa, rudi kesho saa ileile. Claude Monet, alipochora marundo ya nafaka Ufaransa mwaka 1890 na 1891, alikuwa na turubai kadhaa kwa pamoja: mwanga ukibadilika anaweka moja chini na kuchukua nyingine. Sioni kwa nini njia hiyo isifae Lamu, tena kwetu siku zinafanana zaidi kuliko kwake.

Kuna sura ya pili ya tatizo hili, nayo huwakuta wanaorudia picha baada ya miezi. Mwezi wa Desemba jua la adhuhuri liko kusini mwetu. Juni na Julai liko kaskazini. Ukuta uliopata jua wakati wa kaskazi utaukuta kivulini wakati wa kusi, saa ileile. Picha uliyoianza Desemba isubiri hadi Novemba au Januari, au hata Desemba nyingine. Kuimalizia Julai ni kutwanga maji kinuni.

Saa sita mchana nayo? Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita juu ya vichwa hasa. Kuta zote mbili za kichochoro hukosa jua au hulipata kwa upande mwembamba, vivuli hujificha chini ya miguu, na picha hukosa kina. Sikushauri uwe nje saa hizo. Ila ukilazimika, chora chini ya miti au ndani ya ua, ambako mwanga unaingia kwa madoa.

Chombo hakikai majini

Nahodha akipita nyuma yako na kuuliza, "Mwanangu, chombo hiki kimeshika upepo gani?" msikilize. Ameona kitu. Mara nyingi umechora mwili wa mashua ukiwa umeelekea Shela, halafu maji yakageuka, chombo kikajizungusha kwenye nanga, nawe ukachora mlingoti na foromali, yaani boriti inayobeba tanga, vikiwa vimeelekea Matondoni. Chombo chote kichorwe kwa mstari kabla hakijageuka, kwa mfuatano huu: mstari wa maji, omo na tezi, mlingoti, kisha foromali. Kumbuka mlingoti wa jahazi umeinama mbele. Ukiusimamisha wima umeshachora chombo cha watu wengine.

Sababu nyingine ni kupwa na kujaa. Ulianza maji yakigusa ngazi za gati, ukamaliza vyombo vikiwa vimelala kwenye tope. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Hivyo basi kurudi kesho saa ileile kutakupa jua lile, lakini si maji yale. Ukitaka vyote viwili, subiri siku 14 au 15, maji yatakuwa yamerudi karibu na saa ile. Wavuvi hawahitaji kalenda kwa hili: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakwenda mbali na kurudi kwa nguvu; katikati yake ni maji mafu, nayo ndiyo siku njema kwa mchoraji anayeanza, kwa sababu ufuko haubadiliki sana.

Bahari ni ya bluu, na bado ni ya uongo

Umepaka bahari ya kadi za posta. Maji ya mkondo kati ya Lamu na Manda yana kijani na ukahawia, kwa tope na mikoko. Karibu na miguu yako unaona ndani ya maji, hadi mchanga. Mbali, maji yanakuonyesha anga. Kwa hiyo bahari moja inahitaji angalau rangi tatu kutoka chini ya picha hadi upeo. Anayechora Malindi ana jambo la ziada: Mto Sabaki unamwaga maji kaskazini ya mji, na mvua ikinyesha bara, ghuba hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Usiisahihishe iwe bluu. Huo ndio ukweli wa siku hiyo, na hudhurungi ile chini ya anga ya kijivu ni nzuri sana.

Mikoko na minazi inapiga kelele

Kijani cha tyubu kimetumika bila kuguswa. Tia nyekundu kidogo, au changanya kijani chako mwenyewe kwa ultramarini na manjano ya oka, ile rangi ya udongo wa manjano. Majani ya mnazi yakipigwa na jua kwa juu hurudisha anga na kuwa karibu ya fedha. Umanjano mkali huonekana pale jua linapopenya jani kutokea nyuma.

Manda imekaribia mno

Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kusi ikivuma huongeza rasharasha za chumvi. Vyote hivyo hukaa kati yako na mikoko ya ng'ambo. Kitu kikiwa mbali, giza lake hupungua kwanza, kisha rangi yake hufifia na kuingia ubluu. Kosa la kawaida ni kukumbuka ubluu na kusahau giza: mchoraji anapaka mikoko ya Manda bluu nzito, nayo inakuja mbele pamoja na mashua. Ipandishe iwe nyepesi, ilainishe ukingo wake wa juu, na weusi wote uuweke kwenye kitu cha karibu. Asubuhi unapoelekea Manda jua liko mbele yako, utusitusi unawaka wote, na karibu hakuna tofauti kati ya maji na anga. Iache hivyo. Wengi huchora mstari wa upeo kwa nguvu hapo, na hewa yote ya picha inakatika.

Rangi yenyewe inakataa

Ukifika hapa na maswali ya mwanzo yote yamejibiwa, sasa ilaumu rangi. Akriliki hukauka kwenye paleti kabla hujaitumia, hasa upepo ukivuma. Tandika sponji iliyoloweshwa ndani ya kopo bapa lenye kifuniko, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi uziweke hapo. Rangi ya maji nayo inapoacha mistari migumu mahali ulipotaka ilainike, lowesha karatasi pande zote mbili kabla ya kuanza, na tumia karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Wakati wa masika ni kinyume: karatasi haikauki, tabaka la pili linalichafua la kwanza. Hapo chora michoro midogo ya mawingu kwa tabaka moja tu.

Vinyota vyeupe kwenye anga uliyoipaka ufukweni Shela ni chumvi. Rasharasha ya bahari ikianguka kwenye rangi mbichi, chumvi hufyonza maji na rangi husukumwa pembeni. Rudi nyuma ya matuta ya mchanga. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye rangi kwa maji ya bahari wala ya kisima chenye chumvi. Chukua chupa ya maji ya kunywa.

Mchanga ukiingia kwenye rangi ya mafuta usiufute ukiwa mbichi, utaukanda ndani. Acha ikauke kabisa, kisha uupanguse kwa brashi kavu. Na kati ya Juni na Agosti, kusi likiwa na nguvu, ning'iniza kiroba cha mchanga chini ya stendi, la sivyo picha itaelea.

Huwezi kumaliza kwa sababu ya watu na punda

Umekaa njiani. Kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, punda aliyebeba mawe hawezi kukupisha, na mchukuzi atapiga ukelele wa "simila!" mara moja tu. Jibanze barazani, na kabla ya kukaa piga hodi kwa wenye nyumba. Anayetaka kuchora watu aombe ruhusa kwanza, akina mama hasa, na akikataliwa ashukuru na ageuze ubao. Watoto wape penseli na kipande cha karatasi. Watachora nawe badala ya kukuziba mwanga.

Madoa ya kijivu baada ya wiki kadhaa

Hiyo ni kuvu. Unyevu wa kisiwani huila karatasi iliyolazwa chini ya kitanda au kuegemezwa kwenye ukuta wa mawe. Weka picha juu, zipate hewa pande zote, na kati ya picha na picha tia karatasi kavu. Doa likishatokea, anika picha kivulini penye upepo hadi ikauke kabisa, kisha palipoota papanguse polepole kwa brashi laini ukiwa nje, mbali na picha nyingine.